Beringi za Gurudumu la Pikipiki: Zijue, Zikague, Zibadili Mwenyewe

Siku hizi pikipiki zimeenea vijijini. Zinabeba abiria, mazao, mbolea na madumu ya maji. Usiku zinawapeleka wagonjwa zahanati. Kwa vijana wengi pikipiki ndiyo jembe lao. Lakini jembe likivunjika shambani, mkulima hupoteza siku moja ya kazi. Gurudumu likikwama barabarani, dereva na abiria wake wanaweza kupoteza maisha.

Ndani ya kila gurudumu la pikipiki kuna vitu vidogo vya chuma viitwavyo beringi. Kwa nje havionekani. Ndiyo maana watu wengi huvisahau mpaka siku gurudumu linapoanza kuyumba.

Ndugu msomaji, beringi haifi ghafla. Hutoa habari kwanza. Anayeijua habari hiyo ataibadili mapema, kwa gharama ndogo, tena nyumbani kwake. Kazi hii haihitaji gereji kubwa. Inahitaji vifaa vichache, utulivu, na kujua kusoma. Ndiyo, kujua kusoma. Sababu yake utaiona mbele.

BERINGI NI NINI?

Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Katikati ya pete hizo kuna gololi za chuma. Pete ya nje imebana ndani ya habu. Habu ni kile kitovu cha gurudumu. Pete ya ndani imepitiwa na ekseli. Ekseli ni kile chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu na kufungwa kwa nati.

Gurudumu linapozunguka, pete ya nje huzunguka pamoja nalo. Pete ya ndani hutulia pamoja na ekseli. Gololi hubiringika kati ya pete hizo mbili, na grisi huzilainisha.

Chukua mfano wa gogo zito. Ukilivuta juu ya udongo, utatoka jasho. Ukiweka miti ya mviringo chini yake, litakwenda kwa urahisi. Gololi hufanya kazi ile ile ya miti hiyo.

Gurudumu la mbele lina beringi 2, moja kila upande wa habu. Gurudumu la nyuma nalo lina 2. Pikipiki nyingi zina beringi nyingine 1 upande wa sproketi, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni.

Kati ya beringi mbili za habu kuna bomba fupi la chuma. Tuliite bushi ya katikati. Bushi hii hushikilia nafasi kati ya pete za ndani. Unapokaza nati ya ekseli, nguvu hupita kwenye pete ya ndani ya upande mmoja, hupita kwenye bushi, kisha hufika pete ya ndani ya upande wa pili. Kwa hiyo pete haziwezi kusogezwa kuelekeana. Kumbuka bushi hii. Wengi huisahau, na beringi mpya hufa mapema kwa ajili yake.

KWA NINI BERINGI HUFA?

Sababu kubwa ni 4.

Ya kwanza ni maji. Ukivuka mto na maji yakafika kwenye habu, yanaweza kupenya ndani. Ukiosha pikipiki kwa mashine ya maji ya nguvu na kuelekeza bomba kwenye habu, maji hupenya pia. Grisi huoshwa, na kutu huanza.

Ya pili ni vumbi na mchanga. Pembeni mwa beringi kuna mpira wa kuzuia uchafu. Mpira huo huitwa sili. Sili ikichanika, mchanga huingia na kusaga gololi.

Ya tatu ni mzigo mkubwa kupita kiasi. Pikipiki ndogo ikibeba abiria watatu kwa mtindo wa mishikaki, au magunia mazito kwenye barabara ya mashimo, gololi hupigwa kila mara.

Ya nne ni ufungaji mbaya. Beringi mpya inaweza kuharibiwa na nyundo kabla haijatembea hata hatua moja. Hili tutalieleza vizuri, maana ndilo jambo kubwa katika makala haya.

DALILI ZA BERINGI ILIYOCHAKAA

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa ya miguu miwili, mahali pa tambarare. Gurudumu unalotaka kulikagua liwe juu, lisiguse ardhi.

Shika tairi kwa mikono miwili, mkono mmoja juu na mwingine chini. Sukuma kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine. Kisha geuza mikono. Gurudumu zima halitakiwi kucheza. Likicheza na kutoa mlio wa "ko, ko", ujue beringi imechakaa.

Lakini angalia usidanganyike. Kwa gurudumu la mbele, mchezo unaweza kutoka kwenye beringi za usukani. Tazama vizuri: kama shokapu zinacheza pamoja na gurudumu, tatizo liko kwenye usukani. Kama shokapu zimetulia na gurudumu peke yake linacheza, tatizo ni beringi za gurudumu. Kwa nyuma pia, kama ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu unacheza pamoja nalo, kagua bushi za mkono huo.

Sasa zungusha gurudumu kwa mkono. Sikiliza. Beringi nzima huwa kimya. Iliyochakaa hunguruma kama jiwe la kusagia. Weka mkono kwenye shokapu au kwenye ule mkono wa nyuma huku gurudumu likizunguka. Utasikia mtikisiko mdogo ikiwa gololi zimeharibika.

Dalili nyingine ni hizi: maji ya rangi ya kutu kutoka pembeni mwa sili, habu kuwa ya moto sana baada ya safari ingawa hukutumia breki nyingi, cheni kupinda upande, na pikipiki kuyumba mkia kwenye kona.

Ukiona dalili moja ya hizi, usiseme, "Bado inakwenda." Gololi zikipasuka barabarani, gurudumu hulala upande. Cheni inaweza kuruka. Breki inaweza kushika yenyewe. Fikiria umembeba mama mjamzito usiku, na zahanati iko kilomita 12. Hapo si mahali pa kujua kwamba beringi imekwisha.

KUNUNUA: SOMA NAMBA

Hapa ndipo kusoma kunapokulipa. Kila beringi imeandikwa namba pembeni. Namba hizi ni za dunia nzima. Hazitegemei aina ya pikipiki wala nchi iliyotengeneza beringi. Ukiijua namba, muuza vipuri hawezi kukupa kitu kisichofaa.

Tuchukue namba 6301. Tarakimu 2 za mwisho zinaeleza ukubwa wa tundu la katikati:

00 maana yake tundu ni milimita 10.
01 maana yake tundu ni milimita 12.
02 maana yake tundu ni milimita 15.
03 maana yake tundu ni milimita 17.

Kuanzia 04, zidisha kwa 5. Kwa mfano 6204: 4 mara 5 ni 20. Tundu lake ni milimita 20.

Lakini usisome tarakimu za mwisho tu. Tazama 6201 na 6301. Zote mbili zina tundu la milimita 12. Ekseli ile ile itapita. Lakini 6201 ina upana wa nje wa milimita 32, na unene wa milimita 10. Ile 6301 ina upana wa nje wa milimita 37, na unene wa milimita 12. Moja haiwezi kukaa mahali pa nyingine. Vivyo hivyo 6202 ni milimita 35 kwa nje, na 6302 ni milimita 42, ingawa tundu la zote mbili ni milimita 15. Kwa hiyo soma tarakimu zote 4.

Baada ya namba kuna herufi. Ukiona 2RS, beringi ina mpira pande zote mbili. Ukiona ZZ, ina kifuniko cha bati pande zote mbili. Kwa barabara zetu za vumbi na tope, mpira huzuia maji na uchafu vizuri zaidi kuliko bati. Kama duka lina zote mbili, chukua ya 2RS.

Mambo mengine ya kukumbuka dukani: Nunua beringi zote za gurudumu hilo kwa pamoja. Moja ikichakaa, mwenzake amepita barabara ile ile na maji yale yale. Nunua na sili mpya. Zungusha beringi kwa kidole kabla ya kulipa. Iende laini, bila kukwama. Namba iwe imeandikwa wazi na pakiti iwe nzima. Kama namba imefutika au maandishi yanatoka ukiyasugua, iache.

Kama hujui namba ya beringi zako, toa kwanza zile kuukuu, zifute, uzisome. Andika namba hizo kwenye daftari lako. Andika "mbele" na "nyuma". Siku nyingine hutahitaji kufungua ndipo ujue.

VIFAA VYA KAZI

Tafuta vitu hivi kabla ya kuanza:

Spana zinazoenea kwenye nati za ekseli na za breki.
Nyundo moja ya wastani.
Kipande cha chuma kirefu kama kiganja na nusu, chenye ncha bapa, si kali. Kipande cha nondo kilichosawazishwa kwa tupa kinafaa.
Bisibisi pana na plaizi.
Kipande cha bomba au boksi spana, ambacho upana wake unalingana na pete ya nje ya beringi. Kisiwe kipana kuliko beringi, na kisiguse pete ya ndani.
Mbao 2 nene.
Grisi, mafuta ya taa kidogo na matambara safi.
Miwani ya kukinga macho. Beringi ni chuma kigumu. Ikipigwa inaweza kutoa kipande kinachoruka.

KUTOA GURUDUMU

1. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa kwenye ardhi ngumu. Kwa gurudumu la mbele, weka gogo au kreti imara chini ya injini. Itikise pikipiki. Kama inayumba, panga upya. Isikuangukie.

2. Fungua breki ya gurudumu hilo. Kwa mbele, ondoa pia waya wa spidi kama upo. Kwa nyuma, ondoa ile nati ya fimbo ya breki, na chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke.

3. Kwa gurudumu la nyuma, tazama alama za kukazia cheni pande zote mbili. Andika ziko kwenye mstari wa ngapi. Hii itakusaidia wakati wa kurudisha.

4. Toa pini, fungua nati, kisha vuta ekseli taratibu huku umeshikilia gurudumu. Ikigoma, igonge kwa kipande cha mbao. Usiipige kwa nyundo moja kwa moja, maana utaharibu uzi wa nati.

5. Tandaza kitambaa chini. Kila washa na kila bushi unayotoa, ipange kwenye kitambaa kwa mfuatano ule ule. Afadhali uchore kwenye karatasi: kushoto ni hiki, kulia ni kile. Watoto na kuku wakae mbali na kitambaa hicho.

6. Kama ni breki ya drami, usipulize vumbi lake kwa mdomo. Vumbi hilo lina madhara kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Usiache grisi iguse breki.

KUTOA BERINGI KUUKUU

1. Laza gurudumu juu ya mbao 2. Mbao zishike pembeni, na tundu la habu libaki wazi chini. Kama kuna diski ya breki, uzito usiilalie. Diski ikipinda, breki itatetemeka.

2. Ng'oa sili kwa bisibisi pana. Usijali ikiharibika, kwa kuwa unayo mpya. Ila usikwaruze habu.

3. Tazama kama kuna pete ya chuma iliyofungia beringi kwenye mfereji. Kama ipo, itoe kwa plaizi kwanza. Wengine hugonga beringi bila kuiona pete hii, na habu hupasuka.

4. Ingiza kipande chako cha chuma kutoka juu. Sukuma bushi ya katikati kidogo upande mmoja. Utaona ukingo mwembamba wa pete ya ndani ya beringi iliyo chini. Weka ncha ya chuma pale.

5. Gonga. Kisha hamisha ncha upande wa pili, ugonge tena. Endelea kuzunguka hivyo, upande huu na upande ule. Ukigonga sehemu moja tu, beringi italala upande na kubana ndani ya habu.

6. Beringi ya kwanza ikitoka, bushi ya katikati itaanguka pia. Ifute na uiweke kwenye kitambaa. Geuza gurudumu, utoe beringi ya pili.

Kama beringi inakataa, usilete moto wa mkaa wala wa gesi. Moto huharibu tairi na habu. Tumia maji ya moto. Yamimine polepole kuzunguka habu kwa nje. Habu nyingi ni za alumini, na alumini ikipata joto hutanuka kuliko chuma cha beringi. Beringi italegea kidogo.

Beringi iliyotolewa kwa kugongwa usiirudishe, hata kama inaonekana nzima. Kwa nini? Kwa sababu ulipogonga pete ya ndani, nguvu ilipita kwenye gololi. Gololi ziliacha vishimo vidogo kwenye njia yake. Macho hayavioni, lakini barabara itavikuza.

KAGUA KABLA YA KURUDISHA

Safisha ndani ya habu kwa mafuta ya taa. Kausha. Sasa tazama mambo 3.

Kwanza, mahali pa kukaa beringi. Beringi mpya inatakiwa kuingia kwa kubana. Kama inaingia kwa kusukumwa na kidole tu, habu imepanuka. Mafundi wengine huweka kipande cha kopo la soda ili ibane. Hiyo ni dawa ya uongo. Kipande kitasagika, na beringi itazunguka ndani ya habu mpaka itakapoikata. Kama habu imepanuka au ina ufa, mpelekee fundi wa mashine ya kukerezea chuma, au ununue habu nyingine.

Pili, bushi ya katikati. Miisho yake iwe bapa na safi. Isiwe imepondeka wala kukatwa. Urefu wake ndio unaolinda beringi. Usiikate, na usiibadili kwa bomba lolote uliloliokota.

Tatu, ekseli. Ibiringishe juu ya meza bapa au kioo. Ikiruka ruka, imepinda. Nunua nyingine.

KUWEKA BERINGI MPYA

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Sheria ni moja: wakati wa kuingiza beringi kwenye habu, gonga pete ya nje tu. Pete ya nje ndiyo inayobana kwenye habu. Ukiigonga hiyo, nguvu inakwenda moja kwa moja mahali inapotakiwa. Ukigonga pete ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi, na beringi mpya inakufa mikononi mwako.

1. Kama jirani ana friji, mwombe akuwekee beringi humo kwenye sehemu ya barafu, zikiwa bado ndani ya pakiti zake, tangu jana yake. Chuma kikipoa hunywea kidogo. Habu nayo iache juani saa 6 mchana, au uipashe kwa maji ya moto kisha uikaushe vizuri. Beringi itaingia kwa urahisi.

2. Paka grisi nyembamba mahali pa kukaa beringi. Weka beringi ya kwanza ikiwa imelala sawasawa. Kama ina mpira upande mmoja tu, mpira uangalie nje.

3. Weka kile kipande cha bomba au boksi spana juu ya pete ya nje. Gonga kidogo kidogo. Tazama kila mara kama inashuka sawa pande zote. Ikilala upande, simama. Usilazimishe. Itoe uanze upya.

4. Endelea mpaka ifike mwisho. Masikio yako yatakuambia. Kabla haijafika, mlio huwa mzito. Ikifika chini, mlio hubadilika na kuwa mkali kama wa kugonga reli. Hapo acha.

5. Geuza gurudumu. Sasa, kabla ya kitu kingine chochote, ingiza bushi ya katikati. Ukiweka beringi ya pili bila bushi hii, itabidi uzitoe na kununua tena. Na ukikaza nati bila bushi, pete za ndani zitavutwa kuelekeana, gololi zitabanwa upande, na beringi zitaungua kwa muda mfupi.

6. Weka beringi ya pili kwa njia ile ile. Gonga pete ya nje mpaka pete ya ndani iguse bushi tu. Ikigusa, simama. Ingiza kidole ujaribu bushi. Isiwe inakwenda huku na huku ikilia, lakini iweze kusogezwa pembeni ukiisukuma kwa nguvu kidogo. Ilinganishe na matundu ya beringi ili ekseli ipite.

7. Zungusha pete ya ndani ya kila beringi kwa kidole. Iende laini. Kama imekuwa ngumu, umegonga kupita kiasi. Gonga ekseli kidogo kwa mbao kutoka upande wa pili ili pete ya ndani irudi mahali pake, kisha ujaribu tena. Ikibaki ngumu au ikikwaruza, usiitumie.

8. Rudisha ile pete ya kufungia kama ilikuwepo. Paka grisi kwenye mdomo wa sili, uiingize kwa kuisukuma sawasawa.

Kama gurudumu lako la nyuma lina beringi upande wa sproketi, ibadili kwa sheria hiyo hiyo. Na zile raba zilizo kati ya sproketi na habu zikague. Kama zimelegea au zimekatika, zibadili pia.

KURUDISHA GURUDUMU

Futa ekseli, uipake grisi nyembamba. Panga washa na bushi kama ulivyochora.

Kuna jambo moja lisisahaulike kabisa. Kwenye breki ya drami ya mbele, sahani ya breki ina mfereji au jino linalokamatana na shokapu. Lazima vikamatane. Kama havikukamatana, siku ukibana breki sahani itazunguka pamoja na gurudumu, waya utajizungusha, na gurudumu litasimama ghafla. Utaruka juu ya usukani. Kwa nyuma vilevile, kile chuma kinachozuia sahani kirudi mahali pake, nati yake ikazwe, na pini yake iwekwe.

Panga gurudumu la nyuma kwa zile alama ulizoandika. Pande zote mbili zilingane. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni ikisukumwa katikati kwa kidole huwa na mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Soma kitabu cha pikipiki yako ujue kipimo chake. Kitabu hicho hueleza pia nati ya ekseli ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Fundi mwenye spana ya kupimia anaweza kukusaidia kazi hii kwa dakika chache. Pini kuukuu usiirudishe. Pini mpya bei yake ni ndogo sana.

JARIBU KABLA YA KUBEBA MTU

Zungusha gurudumu. Liwe kimya. Litikise kama ulivyofanya mwanzo. Lisicheze. Bana breki mara kadhaa ikiwa imesimama. Kama ni breki ya diski, bana mpaka iwe ngumu mkononi.

Kisha endesha peke yako kama kilomita 1, polepole. Simama. Gusa habu. Ikiwa na uvuguvugu kidogo, si neno. Ikiwa ya moto huwezi kuishika, kuna kosa. Usibebe abiria. Fungua utazame. Kaza au kagua nati tena baada ya siku ya kwanza ya kazi.

KUZITUNZA

Kila juma tenga dakika 5. Tikisa magurudumu yote mawili na kusikiliza. Ukivuka maji mengi, kagua siku inayofuata. Ukiosha pikipiki, usielekeze maji ya nguvu kwenye habu. Punguza mzigo.

Kwenye kijiwe cha bodaboda, vijana wanaweza kuchanga na kununua vifaa vya pamoja: nyundo, bomba la kipimo na boksi spana. Kifaa kimoja kitatumika na watu 10.

Na kama hujiamini, mpelekee fundi. Si aibu. Pete ya nje ikibaki imekwama ndani ya habu baada ya beringi kupasuka, kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa. Lakini usikae mbali ukipiga soga. Simama karibu. Soma namba ya beringi anayoweka. Tazama anagonga pete gani. Muulize, "Fundi, bushi ya katikati umeiweka?" Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika amekueleza kitu pia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini beringi mpya igongwe pete ya nje tu wakati wa kuiingiza kwenye habu?

2. Beringi ya 6203 ina tundu la milimita ngapi? Na ya 6205?

3. Bushi ya katikati ikisahauliwa, nini kitatokea?

4. Katika kijiji chenu, nani hukagua pikipiki zinazobeba wagonjwa na wanafunzi? Mnaweza kupanga nini ili zikaguliwe kila juma?